Ndege wanafuata joto na upepo, sheria zenu bado zinafuata tarehe

Kwa mawaziri na wakuu wa taasisi za mazingira, nishati, kilimo na hali ya hewa, katika kila nchi ambayo ndege wahamao hupita.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mmoja wa watu wengi duniani wanaojitolea kuhesabu ndege na kuwavisha pete miguuni. Nina ombi moja, na nalitaja mapema lisije likapotea katikati ya maelezo. Maamuzi yanayowagusa ndege wahamao, yaani lini bunduki zinyamaze, lini vinu vya upepo visimame, lini taa zizimwe, yasiendelee kufungwa kwenye tarehe zilizoandikwa miaka mingi iliyopita. Yafungwe kwenye halijoto, upepo na mvua. Vipimo hivyo mnavyo tayari. Vinakusanywa usiku na mchana kwa fedha za umma, na kila siku mnavitumia kuwaongoza marubani na mabaharia.

Naomba kwanza nieleze jinsi ndege anavyoamua kuondoka, kwa sababu sheria nyingi zimeandikwa kana kwamba wote huondoka kwa kengele moja.

Mwili wake hutayarishwa na urefu wa mchana. Mchana unaporefuka au kufupika, homoni hubadilika, ndege anakula kupita kiasi, na usiku hatulii. Ukimshika ndege mdogo msimu wa safari na kumpulizia kifuani, manyoya yanafunguka, na chini ya ngozi nyembamba, kwenye kishimo kilicho chini ya koo, unayaona mafuta ya manjano yamejaa hadi yamevimba. Wapo wanaokaribia kuongeza uzito wao maradufu kabla ya kuvuka jangwa au bahari. Hapo ndege yuko tayari, lakini bado haondoki. Anaweza kukaa kwenye kichaka hicho hicho siku kadhaa, mafuta yote kifuani, akisubiri hewa.

Hewa gani? Kaskazini mwa dunia, wakati wa majira ya kuchipua ndege husubiri joto linaloletwa na upepo wa kusini. Wakati wa majira ya kupukutika kwa majani husubiri baridi inayoshuka na upepo wa kaskazini. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia rada 143 za hali ya hewa nchini Marekani, kwa majira ya kuchipua 23 mfululizo. Kati ya vigezo vyote vilivyopimwa, halijoto ya hewa ndiyo iliyoeleza zaidi ni usiku upi anga lingejaa ndege. Kwa hesabu hizo inawezekana kutabiri wingi wa ndege angani hadi siku 7 kabla, na nchini humo utabiri wa namna hiyo hutolewa kwa umma kila msimu kupitia mradi wa BirdCast.

Tafadhali lishikeni hilo la usiku. Safari ya ndege haigawanyiki sawasawa katika msimu mzima. Hewa mbaya inawazuia, wanajazana, halafu hewa ikigeuka wanaondoka wote pamoja. Sehemu kubwa ya ndege wa msimu hupita katika usiku chache tu. Kwa hiyo sheria inayosema kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani inawabana watu kwa miezi mingi pasipo sababu, na bado inaweza kukosa usiku wenyewe.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 2023, mjini Chicago, mlionyeshwa jambo hili wazi kabisa. Upepo wa joto kutoka kusini ulikuwa umewashikilia ndege kwa siku kadhaa. Ulipogeuka ukaanza kuvuma kutoka kaskazini, wakaachiwa wote kwa mkupuo. Jengo la McCormick Place, lililo ukingoni mwa Ziwa Michigan, lilikuwa linawaka taa. Asubuhi ziliokotwa karibu maiti 1,000 za ndege chini ya kuta za jengo hilo moja, baada ya usiku mmoja. Waliokufa hawakuwa wagonjwa. Ni ndege walionona, waliokuwa na mafuta ya kuwafikisha mbali, wakavunjika shingo kwenye vioo.

Na dawa ilikuwa inajulikana. Utafiti uliofanyika kwenye jengo hilo hilo na kuchapishwa mwaka 2021 ulikwisha kuonyesha kwamba kupunguza madirisha yenye mwanga kungeweza kupunguza vifo kwa takriban asilimia 60. Mwaka 2024 vioo vilibandikwa utando wenye vitone vidogo ambavyo ndege huviona, na vifo vikashuka kwa takriban asilimia 95. Miaka yote hiyo ya kuokota maiti haikuhitaji kuwa mirefu vile. Kuzima taa usiku ambao utabiri unasema baridi inashuka hakuhitaji hata utando. Kunahitaji mtu mwenye mamlaka apokee taarifa saa za mchana na kutoa amri kabla ya jua kuzama.

Najua waziri wa nishati atauliza kuhusu vinu vya upepo, na ana haki ya kuuliza. Mimi si mpinzani wa umeme wa upepo. Joto la dunia linalopanda linawatishia ndege wengi mno, na kila kinu kinachochukua nafasi ya makaa ya mawe ni msaada kwao pia. Lakini angalieni walichofanya Waholanzi. Tarehe 13 Mei 2023 walipunguza mwendo wa vinu vya baharini huko Borssele na Egmond aan Zee hadi visizidi mizunguko 2 kwa dakika, kwa muda wa saa 4, kwa sababu utabiri ulionyesha ndege wengi wangevuka Bahari ya Kaskazini usiku huo. Taarifa ilitolewa siku 2 kabla, ili wasimamizi wa gridi wajipange. Saa 4, si msimu mzima. Kuna makundi ya watetezi wa ndege ambayo yangeomba visimame miezi mitatu, na kwa ombi la namna hiyo wangekataliwa, nami ningeelewa kwa nini. Utabiri wa hewa ndio unaowapa nafasi ya kukubali.

Ndege wakubwa wanaopaa kwa kutandaza mbawa wana habari yao nyingine. Korongo weupe, mwari na tai hawawezi kupiga mbawa kutoka Ulaya hadi Afrika. Miili yao ni mizito mno. Hutegemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini jua likishapasha. Asubuhi na mapema hewa hiyo haipo. Juu ya bahari ni dhaifu mno kwao. Ndiyo maana hubanana kwenye njia nyembamba za nchi kavu na kuvuka maji pale yalipo mafupi: Gibraltar, Bosphorus, Ghuba ya Suez, Bab el Mandeb. Mahali hapo hapo ndipo upepo ni mzuri kwa umeme. Kwenye Ghuba ya Suez, Misri imekuwa na utaratibu wa watazamaji na rada wanaosimamisha vinu kundi linapokaribia. Kila anayetoa leseni ya kinu kwenye njia nyembamba auweke utaratibu huo ndani ya leseni yenyewe. Ukiachwa kwenye barua ya ahadi hautadumu.

Sasa nije kwenye uwindaji, na kwenye baridi.

Wapo ndege wasiokuwa na safari ya kudumu. Hubaki walipo hadi ardhi inapoganda, ndipo hukimbia. Ndege wa mashambani mwenye kishungi kichwani, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Vanellus vanellus, anaishi kwa kudona minyoo na wadudu kwenye udongo laini. Udongo ukiwa mgumu, hana chakula tangu siku hiyo hiyo. Desemba 1927 baridi kali ilipoipiga Uingereza, makundi ya ndege hawa yaliondoka kuelekea Ireland, yakadakwa na upepo mkali wa mashariki, na mamia yakatokea Newfoundland, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Atlantiki. Mmoja alikuwa na pete aliyovishwa akiwa kinda kaskazini mwa Uingereza. Ndivyo baridi inavyoweza kumsukuma ndege.

Ndege aliyekimbia hivyo hufika amechoka, amekonda, na hujazana na wenzake kwenye sehemu chache ambazo bado hazijaganda. Kumpiga risasi pale si mchezo wa haki, na kwa idadi ya jamii nzima ni hatari. Uingereza wameliona hilo katika sheria yao: hali ya ardhi kuganda ikiendelea kwa takriban wiki mbili kwenye vituo vya kupimia, serikali inaweza kusimamisha uwindaji wa ndege wa majini kwa amri, hata kama kalenda inasema msimu uko wazi. Wawindaji wenyewe wanaufahamu utaratibu huo, na huanza kujizuia kabla amri haijatoka. Hii ndiyo sheria ninayoiombea nchi nyingine zote. Kipimajoto kimeingia kwenye kitabu cha sheria na hakuna kilichoharibika.

Kipimajoto hicho hicho kingewafaa wenzetu wa mifugo. Mwanzoni mwa 2006, baridi kali upande wa Bahari Nyeusi iliwasukuma batamaji na ndege wengine wa majini kuelekea magharibi, na virusi vya mafua ya ndege, H5N1, vikajitokeza Ulaya nchi baada ya nchi. Watafiti walipochora ramani ya visa vya ndege pori waliokutwa navyo, vilifuata ule mstari ambapo halijoto inakaribia nyuzi 0, kwa kuwa hapo ndipo maji yasiyoganda huishia na ndege wa kila aina husongamana. Mkuu wa huduma za mifugo anayesubiri ndege wa kwanza afe ndipo atoe tahadhari kwa wafugaji amechelewa. Mstari wa barafu unatabirika siku kadhaa kabla.

Kwa upande wa kilimo nina neno pia kuhusu kwelea. Hawa huongozwa na mvua. Mvua za kwanza zikinyesha, mbegu zote za nyasi zilizokuwa ardhini zinaota, na chakula chao kinatoweka ghafla mahali palipoanza kupendeza machoni. Basi hupaa juu ya ukanda wa mvua hadi kule ilikotangulia kunyesha, ambako nyasi mpya zimekwisha kutoa mbegu. Anayefuatilia mvua kwa satelaiti anaweza kukisia watakapozalia. Hata hivyo mara nyingi serikali husubiri hadi makundi yawe juu ya nafaka, kisha hunyunyiza fenthioni, sumu ya kuwaulia, usiku kwenye malalo yao, na bundi na tai wanaokula mizoga wanakufa nao. Dawa iliyotangulia kufikiriwa ingekuwa kidogo.

Mpaka hapa nimesema habari za hewa ya siku na wiki. Tabianchi yenyewe ni jambo zito zaidi, na hapo utabiri wa siku 7 hausaidii.

Yuko ndege mdogo mweusi na mweupe anayekamata wadudu, Ficedula hypoleuca. Huzaa Ulaya, na miezi ya baridi hukaa Afrika Magharibi. Akiwa huko, karibu na ikweta, hana njia ya kujua kwamba majira ya kuchipua Uholanzi yamewahi mwaka huo. Anaondoka kwa ishara ya urefu wa mchana, ambayo haibadiliki mwaka hadi mwaka. Viwavi anaowategemea kulisha makinda, wao, wanafuata joto: miti inachipua mapema, nao wanatoka mapema. Mwaka 2001 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba ndege hawa wameharakisha kutaga, lakini hawakuweza kuharakisha kufika, hivyo wanakimbizana na wakati wakiwa wamekwisha kuchelewa. Mwaka 2006 wakaonyesha matokeo: katika misitu ambako viwavi waliwahi zaidi, idadi ya ndege hawa ilikuwa imeshuka kwa takriban asilimia 90 ndani ya miongo miwili.

Waheshimiwa, isomeni tena hiyo asilimia. Hakuna aliyewapiga risasi. Hakuna aliyekata misitu hiyo. Walichelewa siku chache.

Kwa hao, msaada wenu ni wa ardhi. Kwenye vinamasi, ambako wadudu hupatikana kwa muda mrefu zaidi, ndege wanaotoka mbali hawakuporomoka kama wale wa misituni. Kwa hiyo mnapopanga misitu, acheni miti ya aina nyingi inayochipua kwa nyakati tofauti, na acheni maeneo yenye maji katikati yake. Msitu wa aina moja ya mti hutoa chakula kwa wiki moja kisha basi.

Kuna ndege wa pwani, Calidris canutus, ambaye kundi lake moja huzaa rasi ya Taimyr, kaskazini kabisa mwa Urusi, na kwenda kukaa Banc d'Arguin nchini Mauritania. Theluji ya Taimyr inayeyuka mapema kuliko zamani. Makinda wanaanguliwa kilele cha wadudu kikiwa kimepita, wanakua wakiwa wadogo, na midomo yao inabaki mifupi. Wanapofika Mauritania, kombe wanaowatafuta wako ndani ya matope, na mdomo mfupi hauwafikii. Wengi hawamalizi mwaka wa kwanza. Utafiti huo ulitoka mwaka 2016. Mauritania iliifanya Banc d'Arguin kuwa hifadhi ya taifa tangu 1976. Ukihesabu ndege wanaopungua pale, ungedhani walinzi wamelala. Kosa liko kwenye theluji iliyo maelfu ya kilomita kutoka hapo, na kwenye moshi wa nchi ambazo hazimo hata kwenye njia ya ndege huyo.

Kinyume chake hutokea pia. Mwaka 1969 wahesabu ndege wa Uingereza walishtuka kuona kwamba ndege mmoja mdogo wa vichakani, Curruca communis, hakurudi. Takriban robo tatu walikuwa wamepotea ndani ya mwaka mmoja. Nyumbani hakukuwa na lolote lililobadilika kiasi hicho. Ukame ulikuwa umeishika Sahel, ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara, anakokaa miezi ya baridi.

Nchi zenu nyingi zilikwisha kukubaliana juu ya hili. Mkataba wa Bonn wa 1979 uliandikwa kwa sababu wanyama wahamao hawana nchi moja. Ripoti ya mkataba huo ya Februari 2024, iliyozinduliwa Samarkand, ilisema asilimia 44 ya spishi zilizoorodheshwa zinapungua. Hiyo orodha nchi zenu nyingi ziliikubali zenyewe, na kila spishi iliyomo ni ahadi.

Mipaka ya hifadhi nayo imechorwa kwa tabianchi ya zamani. Milimani ndege wanapanda kufuata ubaridi, na wanaoishi karibu na kilele hawana pa kupanda tena. Visiwani Hawaii ni vibaya zaidi: malaria ya ndege haikui mwilini mwa mbu penye chini ya nyuzi 13 hivi, kwa hiyo misitu ya juu ilikuwa kimbilio, joto likipanda, mbu wanapanda na ugonjwa. Mnapopitisha mipaka mipya, vuteni mstari ukwee mlima mzima kutoka chini hadi juu, na pwani uache nafasi nyuma ya matope ambako bahari itakuja.

Mkidhani hatua za serikali huchelewa kuzaa matunda, watazameni kozi wa Amur. Ndege hawa hutoka Asia ya Mashariki, hupumzika kaskazini-mashariki mwa India, kisha huvuka Bahari ya Hindi hadi Afrika bila kutua, wakisukumwa na upepo wa nyuma unaovuma msimu huo. Mwaka 2012, kwenye bwawa la Doyang huko Nagaland, maelfu kwa maelfu walinaswa kwa nyavu. Serikali, wanakijiji na watetezi wa ndege wakakaa pamoja, na mwaka 2013 hakunaswa hata mmoja. Mwaka mmoja ulitosha.

Namalizia na wakuu wa taasisi za hali ya hewa, kwa sababu kazi ya kwanza iko mezani kwenu na haihitaji sheria mpya. Rada zenu zinawaona ndege. Kwenu mwangwi wao ni kero, na katika mitandao mingi huchujwa na kutupwa kabla takwimu hazijahifadhiwa, ili mvua ionekane vizuri. Tunaomba mhifadhi nakala ambayo haijachujwa, muiweke wazi kwa watafiti, na muanze kutoa utabiri wa ndege pamoja na ule wa mvua kuanzia msimu ujao wa safari. Mameya, wasimamizi wa gridi, madaktari wa mifugo na makamishna wa uwindaji wapewe namba ya simu ya ofisi itakayoutoa.

Wenu katika kazi hii,

Mhesabu ndege wa kujitolea